Maili Mia Zilizopungua

Tarehe 7 Agosti 1955 watu watano walitandika farasi wao huko Tahoe City, mji mdogo ulio kando ya ziwa Tahoe jimboni California, wakaianza safari ya kuvuka milima ya Sierra Nevada kuelekea magharibi. Walikuwa wakienda Auburn, mji uliozaliwa na dhahabu, chini kabisa kwenye vilima. Aliyewaongoza ni Wendell Robie, mfanyabiashara wa mbao na fedha wa hapo Auburn, mzee wa miaka 60, akiwa juu ya farasi wa Kiarabu aitwaye Bandos. Watu walikuwa wamemwambia kwamba farasi wa zama za magari amelegea, na kwamba maili mia kwa siku moja ni hadithi za wapeleka barua wa zamani. Robie hakubishana nao sana. Alipanda, na kabla saa 24 hazijatimia alikuwa ameingia Auburn.

Safari hiyo ikawa ya kila mwaka. Tangu 1959 mshindi hukabidhiwa Kombe la Tevis, lililopewa jina la Lloyd Tevis, aliyepata kuwa rais wa kampuni ya Wells Fargo, na kila anayemaliza salama hupewa bizimu ya mkanda yenye maneno yanayotangaza maili mia kwa siku moja. Bizimu hiyo watu wameitolea jasho, na wengine machozi. Lakini maili mia zenyewe zilikuwa za makadirio, na zilikaa miaka mingi hivyo hivyo, zikichapwa na kuaminiwa, mpaka siku gurudumu la kupimia lilipopita njiani.

Kabla ya kufika siku hiyo, inafaa turudi nyuma sana, kwa sababu makosa ya namna hii yana ukoo mrefu.

Msomaji wa pwani aliyepita chuoni anaijua marhala. Katika madhehebu ya Shafi, msafiri huruhusiwa kupunguza sala safari yake ikifika marhala mbili, yaani farsakh 16, na wanazuoni wa leo huzigeuza kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Marhala ni mwendo wa siku moja wa mnyama mwenye mzigo. Farsakh nayo ni neno la kale la Kiajemi, lile lile ambalo Wagiriki waliliandika parasang. Herodoto, mwanahistoria wao, alipoieleza Barabara ya Kifalme ya Waajemi kutoka Sardi hadi Susa, alihesabu vituo 111 na parasang 450, akasema ni safari ya siku 90. Kwa hesabu yake parasang moja ni stadia 30. Hesabu inapendeza kwa unadhifu wake, lakini farsakh ilikuwa kwanza kipimo cha muda: masafa yanayokatwa kwa takriban saa moja ya safari. Milimani saa hiyo inakula ardhi kidogo, tambarare inakula nyingi.

Misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliishi kwa hesabu ya aina hiyo hiyo. Mpagazi hakuhitaji kujua maili. Alihitaji kujua kama maji yako mbele mwendo wa asubuhi moja au mwendo wa siku mbili. Ukimwambia mtu aliyebeba pembe begani kwamba kituo kiko "karibu," atakuuliza karibu ya mwenye mzigo au karibu ya asiye na mzigo. Naiheshimu sana hesabu hiyo. Inapima kitu cha kweli, yaani mwili, ila haiwezi kulinganisha safari moja na nyingine, wala mnyama wa mtu mmoja na wa mwenzake.

Warumi walitaka ardhi yenyewe. Vitruvius, mhandisi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika jinsi ya kutengeneza gari linalojihesabia: gurudumu lenye mzingo wa futi 12 na nusu, likizunguka mara 400 limekata futi 5,000, ambazo ndizo maili moja ya Kirumi. Hapo meno ya magurudumu madogo yanasukuma tundu, na kijiwe kinadondoka ndani ya chombo. Jioni msafiri anahesabu vijiwe. Wazo hilo halijapitwa na wakati. Mtu anayesukuma gurudumu la kupimia porini leo anafanya kazi ya Vitruvius, isipokuwa vijiwe vimegeuka tarakimu.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha 1847, katika nyika za Marekani, kwenye msafara wa kwanza wa Wamormoni waliokuwa wakielekea bonde la Salt Lake chini ya Brigham Young. Karani wao, William Clayton, Mwingereza, aliudhika na makisio. Kila jioni watu walibishana kuhusu mwendo wa siku ile, na kila mtu alikuwa na namba yake. Clayton akapima gurudumu la nyuma la gari moja, akapata mzingo wa futi 14 na inchi 8. Akapiga hesabu akaona mizunguko 360 ni maili moja kamili, bila chenji. Tarehe 8 Mei alifunga kitambaa chekundu kwenye kijiti cha gurudumu, akatembea kando yake kutwa nzima akihesabu kila kilipopita.

Mizunguko 4,070. Hiyo ni maili 11 na robo, na mizunguko 20 juu yake. Wenzake walikuwa wamekisia maili 13 au 14.

Tazama upande ambao makisio yaliangukia. Mtu aliyechoka huirefusha njia. Jua, vumbi na mwendo wa taratibu wa ng'ombe viliongeza maili mbili au tatu ambazo hazikuwapo ardhini, na waliokisia hawakuwa waongo. Walikuwa wakieleza walichokihisi. Siku chache baadaye mwenzake Orson Pratt alibuni mashine ya meno ya mbao ya kuhesabu mizunguko, fundi Appleton Harmon akaichonga, na Clayton akapumzika kutembea na kitambaa chake. Mwaka uliofuata, 1848, alichapisha kitabu cha mwongozo kwa wahamiaji, kikionyesha vijito, vivuko na mahali pa kulala, na masafa kutoka kimoja hadi kingine. Mwenye mifugo aliyekishika aliweza kujua asubuhi kama ng'ombe wake watakunywa maji kabla ya usiku.

Karibu nusu karne baadaye, Ulaya, maofisa wa jeshi walionyesha kinachotokea watu wanaposhindana kwa farasi bila kufikiria njia. Oktoba 1892 maofisa wa Austria-Hungaria walipanda kutoka Vienna kwenda Berlin, na wa Ujerumani kutoka Berlin kwenda Vienna, mwendo wa takriban kilomita 580. Kila mmoja alijichagulia njia. Saa ndiyo iliyokuwa hakimu. Aliyeshinda, Mwaustria Wilhelm von Starhemberg, alifika kwa saa 71 na ushei. Mjerumani aliyewatangulia wenzake wa upande wake, Baroni von Reitzenstein, alifika muda si mrefu nyuma ya saa hizo, na farasi wake jike, Lippspringe, akafa. Hakuwa peke yake. Farasi waliokufa katika mashindano yale walizidi 20, na magazeti na watetezi wa wanyama walipiga kelele ambayo majeshi yote mawili yaliisikia.

Ukiliangalia tukio lile kwa jicho la mpimaji, unaona kasoro kubwa. Hapakuwa na njia moja, kwa hiyo hapakuwa na masafa mamoja, kwa hiyo hakuna aliyejua mnyama gani amefanya kazi gani. Wala hapakuwa na sehemu njiani ambapo daktari angesema: umefika kilomita 50, shuka, acha nimsikilize moyo. Kituo cha ukaguzi ni mtoto wa kipimo. Huwezi kumweka daktari mahali panapofaa kama hujui mahali hapo pako wapi.

Wamarekani walijifunza. Kuanzia 1919 jeshi lao la farasi lilishirikiana na wafugaji kuendesha majaribio ya siku tano, takriban maili 60 kila siku, jumla 300. La kwanza lilitoka Fort Ethan Allen, Vermont, hadi Camp Devens, Massachusetts, na farasi jike wa Kiarabu, Ramla, akawashinda wote akiwa na mzigo wa ratili 200 mgongoni. Farasi walipewa alama kwa hali yao, si kwa mwendo peke yake. Kisha kuanzia 1936 chama cha wapanda farasi cha Green Mountain, huko huko Vermont, kikaanza kuandaa safari za masafa marefu kwa raia. Robie alipotandika Bandos mwaka 1955, kulikuwa na mapokeo ya kutegemea, ingawa yeye aliyachukua akayapeleka kwenye milima mikali zaidi, na siku tano akazifanya moja.

Njia ya Robie yafaa kuelezwa. Inapanda hadi Emigrant Pass, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, halafu inashuka na kupanda katika makorongo ambako joto la Agosti hunasa kama ndani ya chungu. Majina ya vituo yanatosha kumweleza mtu: Last Chance, yaani bahati ya mwisho, na Devil's Thumb, kidole gumba cha shetani. Baadaye kuna Michigan Bluff na Foresthill, kisha kivuko cha mto American gizani, na mwishowe Auburn. Tarehe hupangwa karibu na mwezi mpevu ili waliochelewa waone njia. Madaktari wa wanyama husimama vituoni wakiwa na saa na vipima moyo. Farasi ambaye mapigo yake hayashuki kwa wakati, au anayechechemea, hurudi nyumbani kwa gari. Katika miaka mingi takriban nusu tu ya wanaoanza humaliza. Tangu 1964 limekuwapo pia Kombe la Haggin, la farasi aliye katika hali bora miongoni mwa kumi wa kwanza, na wako wapanda farasi wanaolitamani hilo kuliko la ushindi. Nawaelewa.

Mchezo ulienea. Australia walianzisha safari yao ya maili mia mwaka 1966, iliyopewa jina la Tom Quilty, na mshindi wa kwanza, Gabriel Stecher, aliimaliza bila tandiko. Mwaka 1972 ukaundwa umoja wa Marekani wa mbio ndefu za farasi, AERC, ambao ulifanya jambo lililoonekana dogo: ulianza kuweka daftari la maili. Kila farasi na kila mpandaji akawa na akaunti, kama mtu na benki yake. Maliza maili 50 salama, zinaingia. Maliza mia, zinaingia. Alama za mwaka na heshima za maisha yote zikahesabiwa kutoka daftari hilo. Masafa ambayo hapo awali yalikuwa ya kujivunia tu yakageuka sarafu, na sarafu lazima iwe na uzito wake. Mwandaaji aliyetangaza 50 akatoa 45 alikuwa ametoa hela pungufu. Aliyetangaza 50 akatoa 56 alifanya vibaya zaidi, kwa sababu maili sita za ziada zililipwa na farasi ambaye hakuulizwa.

Pigo kwa maili mia za Auburn lilitoka kwa watu wa miguu. Mwaka 1974 Gordy Ainsleigh, aliyekuwa amepata kuimaliza Tevis akiwa juu ya farasi, aliingia safari hiyo bila mnyama. Alikimbia pamoja na farasi, akafika Auburn kwa saa 23 na dakika 42. Kutokana na ujasiri wake zikazaliwa mbio za miguu za Western States, na wakimbiaji wana desturi ambayo wapanda farasi walikuwa bado hawajaizoea sana: hawaamini namba mpaka gurudumu lipite. Mbio za barabarani zilikuwa zimepata kifaa kizuri tangu 1971, kihesabio alichobuni Alan Jones na kuuzwa kwa jina la mwanawe Clain, kinachofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele la baiskeli na kuhesabu vipande vidogo vya kila mzunguko. Unakirekebisha kwanza kwenye mstari uliopimwa kwa utepe wa chuma, kisha unapima, kisha unarudi kwenye mstari ule ule uone kama baiskeli haijabadilika, maana tairi likipata joto hujaa na hesabu husogea.

Njia ya Sierra ilipopimwa kwa gurudumu, haikufika mia. Njia ya zamani ilikuwa takriban maili 89. Kumi na moja hazikuwapo. Wakimbiaji wakaanza kuirekebisha njia yao katika miaka ya 1980 hadi ikatimia.

Sioni aibu yoyote hapo kwa Robie na wenzake. Farasi wao walivuka milima ile ile, joto lile lile, chini ya mwezi ule ule. Walikadiria kama wenzake Clayton walivyokadiria, na miguu yao iliwaambia mia. Ninachokiona ni jinsi kosa dogo linavyokua kimya kimya njiani, na inafaa kueleza linatokea wapi, maana mwandaaji yeyote wa safari ya farasi, awe Vermont au Naivasha, atakutana nalo.

Chukua ramani ya kawaida ya Marekani ya vipimo 1 kwa 24,000. Milimita moja juu yake ni mita 24 ardhini. Ukichora njia kwa penseli, unene wa mstari peke yake unameza mita 12. Sasa fikiria mteremko ambako njia hujipinda kushoto na kulia mara 30 ili farasi aweze kushuka bila kuteleza. Ramani inaonyesha mkunjo mmoja mpole. Mingine 29 imepotea ndani ya penseli. Wengi husema tofauti inatokana na mwinuko wenyewe, kwamba ramani ni bapa na mlima una mgongo. Nimepiga hesabu: mwinuko wa asilimia 10 unaongeza nusu tu ya asilimia moja, na wa asilimia 20, ambao ni mkali kwa farasi, unaongeza asilimia mbili. Mchawi ni kona.

Kupima njia kwa pikipiki nako kuna udhaifu wake. Tairi lililolika sentimita moja kwenye nusu kipenyo cha sentimita 30 hukosea zaidi ya asilimia 3, na katika kilomita 80 hiyo ni zaidi ya kilomita mbili na nusu. Kwenye mchanga gurudumu huzunguka bila kusogea, na kipimo huhesabu kazi ambayo ardhi haikuipokea. Gurudumu la kusukuma kwa mkono ni aminifu zaidi, ila linarukaruka kwenye mawe, linayumba, na mtu akilinyanyua kuvuka gogo amepoteza hatua mbili. Anayelisukuma maili 50 za msitu anafanya kazi ya siku kadhaa, ambayo hakuna atakayeipigia makofi siku ya mashindano.

Setilaiti zilipokuja, watu walidhani mjadala umekwisha. Mwanzoni serikali ya Marekani iliharibu makusudi usahihi wa ishara za raia, ikaacha kufanya hivyo Mei 2000, na tangu hapo kifaa cha mfukoni kinaweza kukuonyesha ulipo kwa makosa ya mita chache. Lakini kifaa hakipimi njia. Kinachukua nukta kila baada ya sekunde kadhaa, kisha kinaunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, na farasi anayekwenda telki kwenye kona kali amekwisha kuipita kona kabla nukta ya pili haijachukuliwa. Kona inakatwa, njia inafupishwa. Halafu farasi anasimama kituoni nusu saa akinywa maji, na nukta zinazurura kumzunguka kama nzi, kifaa kikiongeza mita ambazo hakuna kwato iliyozikanyaga. Ndani ya korongo ishara hugonga kuta za mawe na kurudi zimepotoka. Wapandaji 20 humaliza njia moja wakiwa na namba 20, na kila mmoja yuko tayari kuapa.

Waandaaji makini hutumia njia zote pamoja. Wanapima kwa gurudumu sehemu zenye kona nyingi, wanalinganisha na ramani na setilaiti, kisha wanamuuliza farasi. Hilo la mwisho ni kipimo cha marhala kilichorudi kwa mlango wa nyuma: mpandaji mzoefu anaujua mwendo wa telki wa mnyama wake, na kundi zima likimaliza mzunguko wa "maili 15" kwa muda usiofikia saa moja katika ardhi ya vilima, mzunguko huo si wa maili 15.

Na usahihi huo wote kazi yake ni nini? Ni maji. Mpandaji anayejua kwamba birika liko kilomita nne mbele atamwacha farasi wake aende. Akiambiwa nne na zikawa saba, katika joto la korongo, farasi amepoteza jasho na chumvi ambazo hazirudishwi kwa kumpapasa shingo. Ni mapigo ya moyo pia: daktari akisoma mapigo 64 baada ya kilomita 20 anaelewa jambo moja, baada ya 26 anaelewa jingine kabisa. Farasi hana namna ya kusema kwamba namba ya ubaoni ilikuwa na kosa. Yeye hutoa alichonacho mpaka kiishe. Lippspringe alitoa hivyo.

Mwaka 1971 alizaliwa farasi wa damu ya nusu Kiarabu aliyeitwa Elmer Bandit. Alishiriki safari za masafa za ushindani, zile ambazo mwendo hupangiwa muda na hali ya mnyama ndiyo hupimwa, na aliendelea mpaka umri ambao farasi wengi wamekwisha kufa. Alipokufa mwaka 2010 alikuwa na maili 20,780 kwenye daftari lake. Kama njia zake zote zingekuwa zimepungua sehemu moja tu katika ishirini, zaidi ya maili elfu moja kati ya hizo zisingekuwapo. Zilikuwapo kwa kadiri watu walivyozipima, mzunguko kwa mzunguko, wiki kadhaa kabla ya yeye kufika, wakati njiani hapakuwa na mtu mwingine.